Unga Usiokuwa wa Bibi

Tangu yatoke matokeo ya kundi la pili, Hadubini alikuwa hamwamini mtu.

Jina hilo walimbandika wenzake wa maabara ya ghorofa ya tatu, kwa kuwa hakupita mahali bila kuchungulia. Akipewa chai, atatazama kwanza ndani ya kikombe. Akipewa jibu, atataka kuoneshwa lilikotoka. Alikuwa mwanafunzi wa shahada ya uzamili, na kazi yake aliipenda kwa imani ya mtu ambaye bado haijamwangusha. Aliamini kwamba ukweli ukitafutwa kwa mikono safi hujitokeza wenyewe, na ukichelewa kujitokeza, basi yupo aliyeukalia.

Aliyeukalia, kwa hesabu zake, alikuwa Barafu.

Barafu ndiye fundi wa maabara. Wengine walisema alipata jina hilo kwa sababu ya mafriza aliyoyatunza, wengine wakasema ni kwa sababu ya uso wake. Yeye ndiye aliyepokea majani yakiletwa mabichi, akayaosha, akayakausha katika kabati la joto, akayasaga, akaupima unga na kuufunga katika vipakiti vya kuwapa wanawake. Chumba cha unga kilikuwa na ufunguo mmoja tu, nao ulining'inia shingoni mwake mchana kutwa, ukigongagonga kwenye vifungo vya koti lake jeupe kila alipotembea.

Utafiti wenyewe ulihusu maradhi ya homoni yanayowasumbua wanawake wengi: ovari hujaa vifuko vidogo, hedhi hupotea njia, ndevu huchomoza kidevuni, na mimba hugeuka kitu cha kuotwa tu. Katika damu ya wagonjwa hao mara nyingi huonekana kile ambacho vitabu hukiita mkazo wa oksidi. Mwili unapotumia hewa na chakula huzaa chembe chokozi. Zikizidi nguvu ya mwili ya kuzizima, huzila seli kama kutu ilavyo bati. Pale maabarani hawakuwa na subira na jina refu. Walisema "kutu". "Kutu ya leo ikoje?" ndiyo iliyokuwa salamu yao ya asubuhi, na mgeni angedhani amefika karakana ya magari.

Majani ya kupunguza kutu hiyo yalitoka kwenye kichaka kimoja kizee kilichoota uani kwa shangazi yake Hadubini, nacho walikiita Bibi. Jenomu ya Bibi, yaani maandishi yote ya vinasaba vyake, ilikuwa imekwisha kusomwa herufi kwa herufi na kuhifadhiwa kwenye kompyuta, maana walitaka kujua ni sehemu gani ya maandishi hayo inayotengeneza dawa. Kwa kuwa Bibi mmoja hakuweza kulisha kundi zima, Shangazi alifundishwa kukata vijiti na kuvipandikiza, kwa sharti moja ambalo Profesa alimrudia mpaka akakaribia kukasirika: asipande mbegu. Kijiti kilichopandikizwa ni Bibi yule yule, amehamia dumu lingine. Mbegu ni mtoto. Mtoto ana baba, na baba yake anajulikana na nyuki peke yake.

Kundi la kwanza la wanawake lilikunywa unga, na kutu ikashuka mpaka Profesa akapiga makofi peke yake ofisini. Kundi la pili likanywa unga wa namna ile ile, kwa kipimo kile kile, na kutu haikutikisika. Damu ilikuwa imetunzwa vizuri, vipimo vilikuwa vimerudiwa. Kilichobaki kushukiwa ni unga, na nyuma ya unga palikuwa na mtu.

Siku hiyo alimkuta Barafu koridoni, simu sikioni, uso ameuelekeza ukutani. Alipomwona tu, akaikata sauti.

"Nitakupigia," akasema, akaitumbukiza simu mfukoni.

"Nimekukatiza, kaka?"

"Hujanikatiza. Umenisikiliza."

"Nilikuwa napita tu."

"Wewe? Kupita tu?" Barafu akacheka kwa puani. "Binti, wewe hata ukipiga chafya unachunguza imetoka tundu gani."

"Nilitaka kuuliza habari za unga wa kundi la pili. Ulikauka vizuri?"

"Kama wa kwanza."

"Joto halikupanda?"

"Kama la kwanza."

"Na majani, yalipofika..."

"Majani yanatoka kwa shangazi yako. Kamuulize yeye. Ni ndugu yako, si wangu." Akageuka, akaenda zake, ufunguo ukimgonga kifuani.

Hadubini aliona huko ni kuruka viunzi. Kwa nini mtu asiye na la kuficha akate simu? Kwa nini majuzi aliomba likizo katikati ya kazi, tena bila kusema anakwenda wapi? Akakumbuka ile kampuni ya vidonge vya lishe iliyokuwa ikimzunguka Profesa kama nzi, ikitaka iuziwe Bibi, nayo ikakataliwa. Hadithi ikajisuka yenyewe kichwani mwake: majani ya kweli yanatokea mlango wa nyuma, na vipakiti vinajazwa majani yoyote ya kijani. Kila alipomtazama Barafu, hadithi ilipata kipande kipya. Akinyamaza, ananyamazia jambo. Akitania, anafunika jambo.

Basi akachukua kipakiti kilichorudishwa na mmoja wa wanawake wa kundi la pili, akakimimina juu ya karatasi nyeupe. Unga ulikuwa na chenga. Akaziokota chenga kadhaa za jani kwa kibanio, akatoa vinasaba vya kila moja peke yake, akavipitisha kwenye mashine ya kusoma. Kisha akaiendesha programu aliyoitengeneza kwa mkono wake, ile ya kulinganisha kila jani na jenomu ya Bibi. Jibu likatokea kwa herufi nyekundu, chenga baada ya chenga: SI BIBI. SI BIBI. SI BIBI.

Alichapisha karatasi zile akaenda nazo kwa Profesa bila hata kuvua glavu.

Profesa alikuwa mwanamke mfupi mwenye ulimi mwepesi, miwani ikining'inia kwa kamba. Alisoma ukurasa wa kwanza, akasoma wa pili, akaurudia wa kwanza.

"Kama si Bibi, ni nani?"

"Bado sijajua, Profesa. Ila chumba cha unga kina ufunguo mmoja."

Profesa akaishusha miwani. "Unajua unachokisema? Mtu huyu alinipokea mimi hapa nikiwa sijui hata swichi ya taa iko wapi."

"Sijamtaja mtu, Profesa."

"Umetaja ufunguo."

Hadubini akakaa kimya, na ukimya ule ulifanya kazi yote iliyobaki. Kabla ya saa za kufunga, Barafu aliitwa ofisini. Alipotoka, hakuuliza nani wala kisa gani. Aliuvua ufunguo shingoni taratibu, kama mgonjwa anayevua shati mbele ya daktari mgeni, akauweka mezani. Alikuwa ameambiwa akae nyumbani mpaka Jumatatu, siku ambayo kamati ya maadili ingekutana. Kila mtu pale alielewa uzito wake. Akionekana ana hatia, hatafukuzwa pale tu. Nani tena atamkabidhi friza mtu aliyewabadilishia wagonjwa dawa? Umri wake haukuwa wa kuanza ufundi mwingine.

Alipita karibu na meza ya Hadubini, akasimama.

"Mafriza yale mawili ya mwisho milango yake inadanganya," akasema. "Ukiisukuma, inakuonesha imefunga. Irudie."

Ndivyo alivyoaga. Hadubini alijiambia kuwa hata huo ni ujanja, namna ya kujionesha mwema.

Jumamosi mchana alirudi kwenye chumba cha kompyuta kulikamilisha shtaka. "Si Bibi" halikumtosha. Alitaka kuingia kwenye kamati na jina la mmea wenyewe, aweze kusema: majani haya ni ya kitu fulani, nayo yanapatikana mahali fulani. Akazilinganisha chenga zake na kila mmea uliowahi kusomwa ambao aliweza kuupata. Hakuna uliokaribia. Mmea uliofanana nazo kuliko yote ulikuwa Bibi.

Akatabasamu kwa kero. Akadhani amefungua faili lisilo lake.

Akajaribu njia nyingine. Chembe zinazolifanya jani liwe la kijani zina vinasaba vyake vichache vya pembeni, navyo katika mimea kama ile hurithiwa kwa mama peke yake. Akavitoa vya chenga zote, akaviweka kando ya vile vya Bibi. Vilikuwa vile vile, herufi kwa herufi, kama wimbo mmoja ulioimbwa na watu tofauti.

Akarudi kwenye jenomu kubwa, akaanza kusoma kwa macho yake badala ya kuiachia programu. Kila mmea hubeba maandishi yake pande mbili, upande wa mama na upande wa baba. Akatafuta mahali ambapo Bibi ana herufi moja tu pande zote mbili, akaangalia chenga zina nini hapo. Kila chenga ilikuwa na herufi ya Bibi, angalau upande mmoja. Upande wa pili ulikwenda unakotaka. Akahamia mahali pengine, hali ikawa hiyo hiyo. Akaendelea mpaka jasho likamtoka chini ya koti, na hakupata hata mahali pamoja ambapo chenga ilimkana Bibi kabisa.

Mgeni hafanani hivyo. Anayefanana hivyo ni mtoto.

Programu yake ilijua maswali mawili tu: huyu ni Bibi, au si Bibi. Hakuifundisha la tatu, kwa sababu katika kazi yao kila jani lilipaswa kuwa Bibi mtupu, na ilipomjibu "si Bibi", yeye alisikia "kaletwa kutoka nje", akashuka ngazi mbio na karatasi mkononi. Sasa alijua. Barafu, hata angekuwa na funguo za dunia nzima, asingeweza kuujaza unga watoto wa Bibi. Watoto wa Bibi huota mahali pamoja tu.

Kesho yake, baada ya chakula cha mchana, alikuwa uani kwa shangazi yake.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Mbona umekuja na uso wa mkaguzi? Kaa. Dada yako yumo ndani."

Hadubini hakukaa. Ua ulikuwa umefagiliwa mpaka michirizi ya fagio ikaonekana. Ukutani yalipangwa madumu yaliyokatwa vichwa, kila moja na kichaka chake. Kwenye pembe alisimama Bibi mwenyewe, mnene wa shina, matawi yake ya juu yakiwa matupu kama kichwa kilichonyolewa.

"Hivi vyote ni vijiti, shangazi?"

"Vijiti, ndiyo."

"Vya Bibi?"

"Kwani mimi nina mabibi wangapi?"

"Mbona hiki kina shina jekundu?"

"Jua."

"Na huyu jirani yake mwenye majani mapana, jua lilimruka?"

Shangazi akaegemeza fagio ukutani. Alikuwa mwanamke wa kicheko kikubwa, kicheko cha kusikika nyumba ya tatu, na kutokicheka wakati ule kulitosha kuwa jibu.

"Vijiti vilioza," akasema. "Mvua zilipozidi, vyote, kimoja baada ya kingine. Akabaki Bibi peke yake, na majani ya kumtosha mtu mmoja."

"Ungetuambia."

"Niwaambie ili mje mumkwangue mpaka mzizi? Nikapanda mbegu. Mbegu si zake? Damu si ile ile?"

"Nusu, shangazi. Nusu tu. Na majani ya Bibi yakaenda wapi?"

Mlango wa jikoni ukalia. Dada yake akatoka, khanga mabegani, kikombe mkononi. Mvuke wa kikombe kile Hadubini aliujua tangu mlangoni, ule uchungu wenye ukakasi uliokaa kwenye koti lake la kazini mwaka mzima. Hakuna aliyehitaji kujibu.

Dada alikuwa na maradhi yale yale. Utafiti ulipoanza alitaka kujiunga, akakataliwa, kwa kuwa kanuni hairuhusu ndugu wa mtafiti kuwa miongoni mwa wanaochunguzwa. Hadubini ndiye aliyempelekea habari hiyo, kwa sauti ya upole na maneno ya kitabuni, akaamini imeishia hapo.

"Wewe ndiye uliyekuja kutuambia," Shangazi akasema, kama aliyeyasoma mawazo yake. "Ulisimama hapo hapo. Mnawanywesha watu baki majani ya uani kwangu, mtoto wa kaka yangu mnamfungia mlango. Nikajiuliza, hii kanuni ilizaliwa na nani?"

"Dada, ulijua?"

"Nilijua nakunywa majani."

"Ulijua ni ya nani?"

"Sikuuliza." Dada akatazama ndani ya kikombe, akakitazama kwa muda mrefu kuliko kilivyostahili. Hadubini aliyaona macho yale yakimkwepa, na kwa mara ya kwanza maishani akamtazama dada yake kwa jicho alilokuwa akimtazamia Barafu. Alijichukia, lakini hakuacha kutazama.

"Mdogo wangu," Dada akasema, "siku zangu zimerudi. Mwezi uliopita na mwezi huu. Shemeji yako sijamwambia, naogopa kumtia tamaa bure."

"Na vidonge vya hospitali?"

"Nameza pia."

"Basi huwezi kujua ni kipi kilichokusaidia. Labda ni vidonge. Labda ni majani. Labda si kimojawapo."

"Mimi sitaki kujua. Nataka kiendelee."

Miaka yote ya masomo ya Hadubini ilikuwa upande wa kujua, na dada yake alikuwa amesimama upande wa kuendelea.

"Kesho kuna mtu atafukuzwa kazi," akasema hatimaye. "Fundi wetu. Wanadhani alibadilisha unga."

"Nani kawaambia?" Shangazi akauliza.

"Mimi."

"Basi kawaambie ulikosea. Mashine hazikosei?"

"Mashine haikukosea, shangazi. Mimi ndiye niliyeiuliza vibaya. Na nikisema hivyo tu wataniuliza: kama si yeye, ni nani?"

"Useme hujui."

"Najua."

"Ukisema," Dada akadakia, na sauti yake ilikuwa imeanza kukatika, "watamzungushia Bibi senyenge kesho hiyo hiyo. Sitapata hata jani la kunusa. Unajua nimekaa muda gani nikingoja mwili wangu ukumbuke kazi yake?"

"Wapo wanawake wengine wanaongoja, Dada. Wamepokea vipakiti kwa mikono miwili, wakitushukuru. Wamekunywa majani ya watoto wasiojulikana baba yao, hakuna aliyewahi kuyapima. Wanatakiwa waitwe na wachunguzwe. Nikinyamaza, wataendelea kunywa."

Hadubini akainama, akachuma jani moja kwenye kichaka chenye shina jekundu, akalitia katika mfuko wa plastiki. Shangazi alikuwa akimtazama.

"Chuma na lingine," akasema. "Na pingu unazo, au utarudi nazo?"

Kamati ilikutana katika chumba chenye meza ndefu na feni iliyozunguka bila kuleta upepo. Mwenyekiti alikuwa daktari mstaafu, mwenye sauti ya mtu anayesoma wasifu wa marehemu hata akiomba maji. Kando yake wajumbe, kisha Profesa. Mwisho wa meza aliketi Barafu, shati limepigwa pasi mpaka likasimama, mikono ameiweka mezani wazi, kila mtu aione.

Profesa alieleza matokeo ya kundi la pili, kisha chenga, kisha ufunguo. Alipofika kwenye ufunguo sauti yake ilipungua. Mwenyekiti akamgeukia Barafu, ndipo Hadubini aliposimama bila kuitwa.

"Naomba nitangulie. Karatasi nilizozileta ni sahihi, lakini nilizisoma vibaya."

Akaeleza. Alieleza bila madoido, kama alivyofundishwa: nini alichouliza, nini hakuuliza, maandishi ya pande mbili yanasemaje, kwa nini chenga zile ni watoto wa kichaka kile na si majani ya kununuliwa. Akaeleza vijiti vilivyooza na mbegu zilizopandwa. Akasema majani ya Bibi yalinywewa na nani. Akaweka mezani ule mfuko wenye jani. Kisha akasema wanawake wa kundi la pili waambiwe leo hii waache kunywa, akaketi.

Barafu hakuinua uso. Ila mikono yake ilitoka mezani, ikarudi mapajani.

Hadubini alikuwa ametegemea ukimya, na baada ya ukimya, pengine, aina fulani ya heshima. Ukimya aliupata.

"Anayeleta majani ni nani kwako?" Mwenyekiti akauliza.

"Shangazi yangu."

"Na aliyekunywa ya kichaka chenyewe?"

"Dada yangu."

"Wa tumbo moja?"

"Ndiyo."

"Aliyemshtaki fundi?"

"Mimi."

"Na anayemsafisha leo?"

"Ni mimi, Mwenyekiti."

"Mambo haya yamekaa katika familia." Mjumbe mmoja akacheka kidogo, akajifanya anakohoa. "Uliyajua lini?"

"Jumamosi kwenye kompyuta. Jana kwa macho."

"Kabla ya hapo unaingia na kutoka nyumbani kwa shangazi yako, unamtembelea dada yako, hujaona kikombe? Hujasikia harufu?"

"Harufu ile ninayo mimi mwenyewe kwenye nguo kila siku. Nisingeitofautisha."

Alisikia jinsi jibu lile lilivyotoka. Lilikuwa la kweli, na lilisikika kama la mtu aliyelitunga njiani. Akatafuta ushahidi wa kutokujua kwake, akapekua kichwani kama mtu anayepapasa mifuko yote ya koti, na hakuupata. Kutokujua hakuachi alama kwenye mashine yoyote. Akamtazama Profesa, aliyekuwa akimwita "mwanangu" mbele ya wageni. Profesa alikuwa akifuta miwani iliyokwisha kutakata.

Uamuzi haukuchelewa. Barafu arejee kazini siku ile ile, na aandikiwe barua ya kumwomba radhi. Wanawake wa kundi la pili waitwe, wapimwe, waambiwe ukweli. Shangazi aachishwe, na Bibi awekewe mlinzi na uzio. Ama mwanafunzi, asiguse sampuli wala faili lolote mpaka kila alichokishika kikaguliwe upya, kundi la kwanza likiwemo. Shahada yake isubiri.

"Hatusemi una hatia," Mwenyekiti akaongeza kwa sauti ile ya msibani. "Tunasema hatujui."

Alimfuata Barafu koridoni.

"Kaka. Naomba radhi."

"Kwa lipi?"

"Kwa kukushuku."

Barafu akasimama. Ufunguo ulikuwa umekwisha kurudi shingoni mwake, lakini alikuwa ameuingiza ndani ya shati. "Kushuku si kosa, binti. Kushuku ndiyo kazi yenu, mnalipiwa ada mjifunze kushuku. Wewe ulishuku, ukashiba, ukanawa. Ungesogeza sahani mbele kidogo, ungeona chakula bado."

"Lakini niliendelea kutafuta. Ndiyo maana leo..."

"Ulikuwa unanitafutia mimi kamba ndefu zaidi. Usinidanganye, nami sitakudanganya."

Hakuweza kukana. Machozi yalimlenga, na nyuma ya machozi, jambo lililomshangaza mwenyewe, swali lilikuwa bado limesimama palepale. Likamtoka kabla hajalizuia.

"Zile simu zilikuwa za nani?"

Barafu alimtazama kama anayesoma kipimajoto asichokiamini.

"Zangu," akasema.

Simu ya Hadubini haikuita siku nzima. Alimwandikia Dada ujumbe, akaufuta, akamwandikia mwingine mfupi zaidi, nao ukasomwa bila kujibiwa. Alasiri akakusanya vitu vyake mezani. Mlangoni akakuta wenzake wamepanga mstari. Kamati ilikuwa imeagiza kwamba tangu siku ile kila anayetoka maabarani akaguliwe mkoba, na kazi hiyo amekabidhiwa fundi. Kwa wengine Barafu alitupa jicho tu na kuwapungia mkono wapite, huku wakitaniana naye kwamba atakuta vidole vya watu.

Zamu yake ilipofika, mkono haukupunga.

"Fungua, tafadhali."

Akafungua. Barafu alitoa kitambaa, akakikunjua. Akatoa kalamu, akaifungua mfuniko. Akainua chupa ya maji kuelekea dirishani, akaitikisa, akaingoja itulie. Akapapasa vishono vya mkoba kwa ndani, kimoja kimoja, kwa utulivu ule ule aliopimia unga. Mkobani hamkuwa na kitu, Hadubini alilijua hilo kuliko mtu yeyote duniani. Hata hivyo uso ulimwaka, mapigo ya moyo yakapanda, macho yakakosa pa kutua, na akafahamu kwamba mtu yeyote angemtazama dakika ile angesema huyu anaficha jambo.

Barafu akavirudisha vitu vyote mahali pake, akamkabidhi mkoba kwa mikono miwili. Hakusema ameridhika. Hadubini naye hakumuuliza. Akaushika mkoba wake kifuani, akashuka ngazi.